Nilimfundisha mwenyewe kuuma

Kovu liko kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiungo, limepinda kama mwezi mchanga. Wanaoliona hudhani ni kisu cha jikoni, nami mara nyingi huwaacha na dhana yao. Nikisema ni kasuku, mazungumzo huchukua nusu saa na huishia kwenye swali lilelile: sasa kwa nini bado unaye?

Anaitwa Zumari. Jina nilimkuta nalo, na makelele yake ya alfajiri yanalistahili. Ni wa ile jamii ya kasuku wakubwa wa Amerika Kusini waitwao makao: bluu mgongoni, njano kifuani, mashavu meupe yasiyo na manyoya ila vistari vyeusi kama vya kalamu. Toka utosini hadi ncha ya mkia ana sentimita 85, na mizani humsoma kati ya gramu 1,000 na 1,080. Jina la ukoo wake linachekesha kwa Kiswahili, kwani mimi nilikuwa mwenye nyumba wake wa tatu. Ndege hawa wakitunzwa vyema hufika miaka 50 na kuipita, kwa hiyo wengi hupitishwa mkono kwa mkono, na kila mkono huwaachia tabia fulani. Aliyenikabidhi hakunificha. "Anauma," alisema, "lakini akishakuzoea ataacha." Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Kabla yake nilifuga kasuku wadogo, wale wa gramu 40 ambao wakikuuma unacheka. Nikauchukua ujuzi huo mzimamzima nikauhamishia kwa ndege anayepasua kokwa ngumu kwa mdomo kama mtu anavyomenya karanga.

Nilianza na glavu nene za ngozi, zile za mafundi wa kuchomelea vyuma. Kila asubuhi nilifungua tundu, nikaingiza mkono, nikamsukumia kifuani mpaka apande. Zumari alirudi nyuma hadi kwenye vyuma vya tundu, akasimamisha manyoya ya kisogo, akatanua mkia, akafungua mdomo. Mimi nikaona jeuri. Mfugaji mmoja wa siku nyingi alikuwa ameniambia: ukirudisha mkono akikutishia umekwisha, atajua amekushinda. Basi sikurudisha. Aliuma glavu, sikusikia kitu, nikamtoa. Siku baada ya siku, miezi minne. Nikajisifu, maana ile mikwara ya mwanzo ilipungua. Akawa harudi nyuma tena, hasimamishi manyoya. Nikawaambia watu ametulia.

Kumbe aliona hakuna faida. Alisema kwa manyoya, sikusikia. Alisema kwa mkia, kwa mdomo wazi, sikusikia. Akabaki na jambo moja tu lililokuwa na matokeo siku nisizovaa glavu.

Siku yenyewe sikuwa nimevaa. Ilikuwa jioni, Zumari yuko juu ya mkono wangu wa kushoto, mtulivu kama sanamu, manyoya yamelala laini. Mke wangu akaingia na kikapu cha nguo zilizokauka. Zumari hakipendi kikapu kile. Sijui kilimfanya nini katika maisha yake ya awali. Hakumrukia mke wangu, wala kikapu. Aliinama akashika kilichokuwa karibu, yaani kidole changu, akafunga mdomo.

Nataka nieleze kinachotokea hapo, maana watu hufikiri ni kama kubanwa na mlango. Mdomo wa juu wa kasuku ni ndoana. Haukukazwa kwenye fuvu kama wa kuku. Una bawaba, unainuka na kushuka peke yake. Wa chini ni kama patasi, una ukingo uliochongoka. Ndoana inakushikilia, patasi inafanya kazi. Kwa sekunde ya kwanza nilikuwa na tundu moja dogo. Sekunde ya pili nikafanya kila mtu anachofanya: nikapiga yowe na kuuvuta mkono kwa nguvu. Ndoana ikabaki palepale, mkono ukaondoka. Hivyo ndivyo tundu lilivyogeuka kuwa mpasuko wa sentimita tatu.

Zumari alianguka. Mabawa yake yalikuwa yamekatwa manyoya na mwenyeji wa kabla yangu, kwa hiyo alipiga chini kama furushi, akatambaa chini ya kiti. Nguo zilizokauka zikawa na kazi ya kufuliwa upya.

Daktari aliyenishona nyuzi tano alinikemea kwanza kwa kukifunga kidole na kitambaa kabla ya kukiosha. Maji yanayotiririka na sabuni, alisema, dakika tano kwa uchache, halafu ndipo ukandamize damu isimame. Akaniambia nikunje na kunyoosha kidole huku amekishika, aone kama kano ni nzima. Akauliza habari ya chanjo ya pepopunda, akaniandikia dawa ya kuzuia maambukizi, kwa sababu mdomo wa ndege una vijidudu vyake na kidole hakina nyama nyingi ya kukinga kiungo. Kichaa cha mbwa hakukitaja. Huo ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha. Kisha, akiwa anakata uzi wa mwisho, akauliza bila kuniangalia: "Ndege alivuta, au wewe ndiye uliyevuta?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kujitetea, lakini sikuyatoa.

Nilipofika nyumbani nilizitupa glavu. Si kwa ushujaa. Nilianza kuelewa kwamba zilinifanya kiziwi, na zaidi ya hapo zilimfundisha Zumari kwamba mkono ni kitu kikubwa cha kahawia kinachonuka ngozi, kinachoingia kwake bila kuulizwa. Wapo wanaozitumia kwa sababu nzuri, watu wa uokoaji kwa mfano, wanaoshika ndege wasiowajua. Kwa ndege unayeishi naye naona ni hasara.

Wiki mbili zilizofuata sikumgusa kabisa. Niliweka kiti mita mbili kutoka kwenye tundu, nikakaa na daftari kila jioni. Chakula na maji nilibadilisha kupitia vimlango vidogo vya pembeni. Mke wangu alisema nimegeuka mlinzi wa zamu. Lakini ni katika wiki hizo nilipomwona ndege huyu kwa mara ya kwanza, ingawa tayari nilikuwa naye mwaka mzima.

Cha kwanza ni macho. Makao aliyekomaa ana duara la njano hafifu kuzunguka mboni, na mboni ile anaitawala anavyotaka: inanywea hadi kuwa nukta, inatanuka, inanywea tena, mara tatu nne kwa pumzi moja. Wengi husema hiyo ni hasira, na wengi wanakosea nusu. Zumari hufanya hivyo akikasirika, na hufanya hivyohivyo akiona lozi, au akijaribu kutamka neno jipya. Macho yanakwambia tu kwamba moto umewaka; kama ni wa kupikia au wa kuunguza, inabidi uangalie sehemu nyingine. Macho yakicheza huku manyoya ya kisogo yamesimama kama brashi, mkia umetanuka na mwili umeinamia mbele, usisogee. Macho yakicheza huku mwili umelegea na mguu mmoja umekunjwa ndani ya manyoya ya tumbo, hiyo ni furaha yake.

Cha pili ni mashavu. Ile ngozi nyeupe huwa nyekundu. Mwanzoni nilidhani ni joto. Baadaye nilisoma kwamba watafiti huko Ufaransa, katika kazi waliyoitoa mwaka 2018, waliwatazama makao watano wa aina hii hii na kuona wakiiva mashavu na kutuna manyoya ya uso pale mtunzaji wao alipowaangalia na kuzungumza nao. Kwa Zumari, mashavu mekundu yenye manyoya yaliyotuna mpaka kufunika mdomo wa chini ni mwaliko wa kukunwa. Mashavu mekundu yenye manyoya yaliyobana kichwani ni habari nyingine.

Cha tatu ndicho nilichokikosa siku ile, nacho ni kigumu kuliko vyote kwa sababu hakifanani na kitu. Ni kuganda. Ndege aliye huru moyoni huwa hatulii: anajikuna, anageuza shingo, anatafuna kitu, anasaga mdomo. Zumari akiganda, manyoya yote yamebana, jicho moja limenielekea, huwa amekwisha kuamua na anangoja tu nifike. Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema, ila nilimfuga ndege huyu mpaka akajifunza kunyesha bila wingu. Kuyarudisha mawingu ndiyo kazi iliyonichukua muda mrefu zaidi.

Nikaanza na kijiti. Kijiti cha kawaida, urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko, ambacho mwanzoni nilikipitisha ncha yake tu kati ya vyuma vya tundu. Kasuku akitaka kukijua kitu kipya hukigusa na mdomo. Mdomo kwake ni mkono wa tatu, na ulimi ni kidole. Alipokigusa nilipiga kidoko kwa ulimi, nikadondosha mbegu moja ya alizeti kwenye bakuli lake. Akagusa, kidoko, mbegu. Mbegu za alizeti niliziondoa kwenye chakula chake cha kila siku ili ziwe na thamani hapa tu. Dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, na nilimaliza akiwa bado anataka, maana siku mbili tatu nilipokolea na kuendelea alichoka akakitafuna kijiti vipande.

Baada ya mwezi angekifuata kijiti popote: juu, chini, upande wa pili wa tundu, nje ya mlango hadi juu ya kisimamio. Kwa mara ya kwanza alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Nilikuwa nimeshika kijiti mkononi na machozi yamenilenga, kwa sababu ya ndege kutembea hatua sita.

Kupanda mkono kulikuja baadaye sana, na kabla ya hapo kulikuwa na gongo: ubao wenye kichwa cha kukingama kama herufi T, unene wa kutosha miguu yake ishike. Vidole vya kasuku viko viwili mbele na viwili nyuma, vinakamata kama koleo, na ndege asiyeshika vizuri ni ndege mwenye hofu. Mpaka leo gongo lile liko karibu na mlango. Mgeni, mtoto, siku mbaya, haraka: gongo. Sioni aibu. Kuna watu wanaona kumhamisha ndege kwa gongo ni kushindwa. Vidole vyao ni vyao.

Nilipofika kwenye mkono nilibadilisha jambo moja, na naamini ndilo lililobadilisha mengine yote. Sikuupeleka mkono kifuani mwake. Niliuweka pembeni, kiasi cha sentimita 30, bila kuusogeza, kama mtu anayebisha hodi na kungoja nje. Akiinua mguu, naukaribisha. Akigeuza kichwa kando, naushusha na kwenda zangu. Bila kuomba mara ya pili, bila kubembeleza, bila lozi ya kumrubuni.

Siku ya kwanza aligeuza kichwa, nikaondoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu, ya nne. Yule mfugaji wa ushauri wa mwanzo alinicheka: umempa ndege ufunguo wa nyumba. Nami usiku niliwaza kwamba labda ana haki. Siku ya tano Zumari alinitazama, akauangalia mkono, akainua mguu wa kulia akauacha hewani muda mrefu, kama anayepima maji ya kuoga. Akapanda. Nikamwacha hapo sekunde kumi, nikamrudisha kabla hajaomba.

Kuna kasuku wa kijivu aliyepata umaarufu duniani, Alex, aliyefundishwa huko Marekani na mtafiti Irene Pepperberg kuanzia mwaka 1977 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Akichoshwa na masomo alisema kwa maneno kwamba anataka kurudi tunduni. Kila nikifikiri hilo nawaza Zumari naye alikuwa akisema vilevile kila asubuhi kwa miezi minne, akiwa amejibanza kwenye vyuma.

Alipoanza kupanda nilikaribia kuharibu yote kwa sababu ya ule mkono wa tatu. Kasuku kabla hajakanyaga kitu huinama na kukishika kwa mdomo, ajue kama kitamhimili. Wewe mwenye kovu unaona mdomo unakuja, moyo unakwambia vuta. Ukivuta, anakosa pa kushika, anayumba, na mara nyingine atashika mapema na kwa nguvu zaidi. Nilijifunza kuulegeza uso wangu na kuukaza mkono, uwe imara kama tawi. Mdomo ulitua, ukabonyeza kidogo, ulimi mkavu mweusi ukagusa ngozi, kisha mguu ukafuata. Mara ya kwanza nilitokwa jasho mpaka kwenye magoti.

Hii ndiyo sababu pia siwaruhusu watu kujaribu ule mtindo wa kuutikisa mkono ndege anapouma, ati apoteze mizani na aache. Niliujaribu mapema. Anaacha, kweli. Halafu kesho yake anajua mkono wako ni daraja bovu.

Na akiwa amekwisha kukushika? Ukiacha siku nane za ugonjwa nitakazozieleza mbele, imenitokea mara tatu tangu kovu lile, zote ndogo. Sivuti. Napumua, nashusha mkono polepole mpaka kwenye meza au mgongo wa kiti, miguu yake ikute kitu cha kusimamia, naye mara nyingi huachia mwenyewe ahamie huko. Sipigi kelele. Si kwamba sina kelele. Kasuku ni ndege wa makelele, na mtu mzima akiruka na kupiga yowe ni burudani ambayo angeweza kuitaka tena. Kumpiga sikufikirii hata. Baada ya hapo namwacha aketi, nami nakwenda kukaa mahali na kujiuliza nilikuwa nafanya nini dakika moja kabla. Mara mbili kati ya hizo tatu jibu lilikuwa wazi kwa aibu: nilikuwa naongea na simu.

Begani hapandi. Najua picha za kasuku begani zinavyopendeza. Akiwa pale huoni macho yake, huoni kisogo chake, na mdomo uko sawasawa na jicho lako, sikio na midomo. Habari ya kwamba ndege aliyekaa juu kuliko wewe anajiona mkubwa wako siiamini. Kisimamio chake kikuu kiko juu ya kichwa changu na hajawahi kunidai kodi. Tatizo la bega ni kutoona tu.

Kulikuwa na jambo jingine nililolifanya kwa mapenzi na ujinga. Alipoanza kuniamini nilimpapasa mgongo mzima, na chini ya mabawa, kama mtu anavyompapasa paka. Alipenda mno. Baada ya wiki kadhaa akawa anajificha nyuma ya kabati, anachana karatasi, anatapika chakula alete kwangu, na mtu yeyote akikaribia kabati anafuatwa kwa miguu sakafuni mdomo wazi. Daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa ndege alicheka kwanza, kisha akaeleza: mgongo na chini ya mabawa ni mahali pa mwenzi wake wa kupandana. Nilikuwa namposa bila kujua, na kabati lilikuwa nyumba yetu. Tukaziba nyuma ya kabati, tukaondoa maboksi, nikabaki kumkuna kichwa na shingo peke yake, na taa za sebuleni zikawa zinazimwa mapema apate saa 11 au 12 za giza. Kwa mwezi na nusu hivi yakaisha. Hurudi kila mwaka kwa kiasi fulani; nyakati hizo gongo linapata kazi zaidi.

Daktari huyohuyo ndiye aliyegundua kitu ambacho daftari langu lilikuwa limekiandika bila mimi kukisoma. Niliandika siku nane mfululizo: "kauma mkono wa kushoto, si wa kulia." Alimgeuza ndege, akaonyesha kidonda chekundu kwenye wayo wa mguu mmoja. Vijiti vyote vya tundu vilikuwa vya unene mmoja, laini, vya mashine, uzito ukiangukia pale pale usiku na mchana. Mkono wangu wa kushoto ulimlazimu atangulize mguu ule. Niliweka matawi halisi, manene na membamba, yenye magamba. Kidonda kilipona na kuuma kukakoma. Toka siku hiyo, ndege mpole akianza ghafla kuuma, wazo langu la kwanza ni kwamba kuna kinachomuuma yeye.

Kwa kidonda kile ilibidi ashikwe kwa taulo, na hapa nitasema taratibu kidogo kwa sababu watu huua ndege kwa nia njema. Ndege hana kiwambo cha misuli kinachotenga kifua na tumbo kama chetu. Anapumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua. Ukimkaba kifua, hata kwa upole, umemziba pumzi, naye hatakohoa wala kupiga kelele kukuonya. Daktari alimfunika kwa taulo kutoka mbele, ndege akiona, akashika kichwa kwa vidole pande mbili chini kidogo ya mataya, mkono wa pili ukikusanya mabawa na miguu, kifua kikiachwa huru kabisa. Dakika tatu, basi, maana hupandwa na joto upesi. Nilipouliza jinsi ya kufanya nyumbani, alinipa zoezi: taulo liwe toi kwanza. Nililitandaza mezani nikaficha mbegu kwenye mikunjo yake. Miezi mitatu baadaye Zumari alikuwa anaingia chini yake mwenyewe akitafuta, na nilipolikusanya kumzunguka alitoa kichwa akanitazama kama mzee aliyefunikwa blanketi. Dawa ya miguu nilimpaka hivyo.

Mabawa sikuyakata tena. Ndege alipopukutisha manyoya na kuota mapya, jambo lililochukua karibu mwaka, alianza kwa kuruka vibaya, akigonga pazia na kutua juu ya friji. Milango na madirisha ikawa na sheria kali, sufuria za kaango zisizoshika chakula zikatoka nyumbani kwa sababu moshi wake zikiungua huua ndege kwa dakika chache, na feni ya darini ikanyamazishwa. Shughuli nyingi. Lakini siku moja mpwa wangu alimsogelea haraka mno kwenye kisimamio, nami niko mbali, nikaona kisogo kinasimama, mkia unatanuka, nikajua siwahi. Zumari akaondoka. Aliruka tu, akavuka sebule, akatua juu ya mlango, akanguruma kwa kununa. Mtoto akalia kwa kuachwa. Mimi nilikaa chini sakafuni nikacheka, kwa sababu miaka miwili nyuma asingekuwa na pa kwenda ila kwenye vidole vya yule mtoto.

Kikapu cha nguo bado hakipendi. Jana jioni alikuwa kwenye kisimamio karibu na mlango wa ndani, mke wangu akatokea nacho, na mawingu yote yakajikusanya waziwazi: macho, kisogo, mkia. Mke wangu akasimama palepale. Nikachukua gongo, nikaliweka pembeni, sentimita 30, nikangoja. Zumari akaliangalia gongo, akakiangalia kikapu, akageuza kichwa.

"Leo hataki," nikasema.

Mke wangu akashusha pumzi, akakipandisha kikapu kiunoni, akazunguka kwa mlango wa nyuma.